Dagdu wa Kioo na Kidole cha Pango la Kumi

Ndugu, jamaa na majirani wa Verul, nanyi mliotoka Kannad, Khuldabad na mjini, pamoja na ninyi wenzake wa mapangoni mliokuja na sare zenu kwa sababu zamu inawangoja, nawasalimu nyote kwa niaba ya familia ya marehemu Dagdu Kashinath Sutar, ambaye sisi watoto wake tulimwita Appa. Mimi ni Vimal, mtoto wake wa pili, mwalimu mkuu wa shule ya msingi kule Kannad nilikoolewa, na nimepewa kazi ya kusoma historia hii kwa sababu kaka yangu Bhanudas analia upesi na mdogo wangu Pralhad anacheka upesi.

Kabla sijaanza nina ombi moja. Appa aliniachia maneno niyaseme leo, siku ya kumi na tatu ya msiba, mbele ya watu, na maneno hayo ni ya rafiki yake wa miaka sitini, baba mdogo Uttam Bansode, aliyeketi pale karibu na nguzo. Nimeagizwa niyaseme mwishoni, wala si kabla, kwa hiyo baba mdogo, tafadhali, usije ukaondoka katikati kwenda kutafuta chai.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Januari 1941 hapa hapa Verul, siku ya Sankranti, siku ambayo watu hupeana vitamu vya ufuta na sukari guru na kuambiana, kula kitamu na useme maneno matamu, akiwa mtoto wa nne wa mzee Kashinath Sutar, seremala wa magurudumu ya mikokoteni ya ng'ombe, na mkewe bi Parvati. Watatu waliomtangulia hawakufikisha mwaka, kwa hiyo bibi akafanya wafanyavyo wazazi wa kwetu waliochoka kuzika, akampa mtoto jina lisilotamanika, Dagdu, yaani jiwe, ili mauti yakipita mlangoni na kuuliza nani yumo ndani, yajibiwe kwamba hamna mtu, ni jiwe tu. Mauti yaliamini, na yaliendelea kuamini kwa miaka themanini na minne, nasi tunamshukuru bibi kwa uongo wake ule. Ufuta wa Sankranti Appa aliula kila mwaka bila kukosa, ila ile sehemu ya maneno matamu ilimshinda, maana katika kijiji hiki hajazaliwa mbishi wa kumfikia.

Kuhusu elimu, alianza Shule ya Msingi Verul mwezi Juni 1948, akasoma miezi michache kwa Kiurdu, kisha utawala wa Nizam, mfalme wetu wa zamani, ulipoondoka akaanzishwa upya kwa Kimarathi, na baadaye alipenda kujigamba kwamba yeye amesoma darasa la kwanza kwa lugha mbili na kufaulu zote. Alimaliza darasa la saba mwaka 1955, akaingia karakana ya baba yake, akajifunza tezo, randa na patasi. Lakini elimu iliyoyatawala maisha yake aliipata kabla ya hapo, akiwa na miaka saba, siku maseremala wa vijiji vyetu walipokwenda na taa na maua katika pango la kumi kati ya mahekalu yaliyochongwa mlimani kwetu, lile tunaloliita Kibanda cha Seremala, na babu akamwinua mabegani ili aone vizuri. Alioneshwa dari la jiwe lililochongwa boriti moja moja kama dari la mbao, akaoneshwa na yule aliyeketi chini yake, mkubwa kuliko nyumba, vidole vya mkono mmoja vikishika kidole cha mkono wa pili, akaambiwa huyu ndiye Vishvakarma, seremala wa miungu, alijikata kidole kazini na mpaka leo anakibana. Appa aliliweka jambo hilo moyoni, na kwa bahati mbaya, au kwa bahati njema, aliliweka mdomoni pia.

Tarehe 1 Juni 1963 aliajiriwa kuwa msaidizi wa mapangoni, akakabidhiwa sare, filimbi na kioo. Vijana wa leo mmezikuta taa, lakini zamani hizo giza la ndani liliondolewa kwa jua lenyewe, mtu mmoja akisimama mlangoni na kioo, akalidaka jua na kulirusha ndani, na kwa kuwa jua halijui kupinda kona, mtu wa pili alisimama ndani na kioo chake, akalipokea na kulipeleka juu usoni mwa sanamu, na chini sakafuni ikatandikwa shuka nyeupe ili mwanga usambae. Kidole kimoja hakivunji chawa, na kioo kimoja hakikuwa na faida yoyote, kwa hiyo mwaka 1965 alipoajiriwa kijana wa miaka ishirini na mmoja, Uttam Bansode, akapewa kioo cha pili, hapo ndipo maisha ya Appa yalipokamilika. Shuka ilitolewa kila mwaka kabla ya sikukuu ya Diwali na mzee Nemchand Kasliwal, muuza nguo wa pale kituo cha basi, Mjaini kwa dini, kwa sharti moja tu, kwamba watakatifu wake wa mapango ya mwisho wa kaskazini wasifanywe wa mwisho kuangaziwa. Basi wakawa watatu, Mhindu na kioo, Mbudha na kioo, na Mjaini mwenye shuka, na kila siku waliwamulikia wa kwao wote, waliochongwa katika mlima mmoja na mafundi ambao hakuna anayejua walikuwa wakibishana nini wakati wa chai.

Wao tunajua walibishana nini. Baba mdogo Bansode alipoingia pango la kumi siku yake ya kwanza ya kazi alivua viatu, akainama, akamwita yule aliyeketi kwa jina lake, Buddha, na Appa kule mlangoni akakitikisa kioo mpaka jua likaruka ukutani kama panzi.

"Huyo ni Vishvakarma," akasema. "Amejikata kidole. Patasi imemteleza."

"Anafundisha, kaka," akasema baba mdogo. "Ndivyo anavyoshika vidole akifundisha."

"Amejikata."

"Seremala gani asiye na hata msumeno?"

"Ameuazimisha. Unadhani majirani wameanza leo kutorudisha vitu?"

"Na hawa waliosimama pembeni yake, wanamsikiliza nini?"

"Hawasikilizi. Wanampa pole."

Hayo yalisemwa mwezi Agosti 1965, na yakaendelea kusemwa kila siku ya kazi, mara nyingi mbele ya wageni waliolipa kiingilio wakidhani ni sehemu ya maelezo. Mzee Nemchand walimfanya hakimu, naye alikataa kuhukumu kwa miaka yote, akisema kwamba kwao ukweli una pande nyingi, ukisimama upande wa Dagdu ni kidonda, ukisimama upande wa Uttam ni somo, "na mimi nimesimama upande wa chai, nayo inapoa."

Marehemu alifunga ndoa tarehe 9 Mei 1965 na mama yetu, bi Kausalya wa Kannad, katika harusi ambayo mvua ya ghafla ililowesha wapiga ngoma na bwana harusi akapanda juu ya paa kuziba bati kwa mkono wake mwenyewe, akiwa na kilemba. Walijaliwa watoto watatu, Bhanudas aliyezaliwa mwaka 1967, mimi mwaka 1970 na Pralhad mwaka 1974, wakapata wajukuu sita na kitukuu mmoja anayelia hivi sasa kule nyuma. Mama, aliyetutangulia tarehe 3 Julai 2011, alipenda kusema kwamba ameolewa na mume mmoja na ugomvi mmoja, na kwamba mume alikuwa akichelewa kurudi nyumbani, ila ugomvi ulifika kwa wakati. Alikuwa akiweka mkate wa mtama wa ziada kila jioni bila kuuliza, maana alijua wataingia wawili, na pilipili yake ya kuponda ndiyo peke yake iliyoweza kuwanyamazisha.

Naomba mlikumbuke tukio hili moja, nitalihitaji baadaye. Mwezi Februari 1971 baba mdogo Bansode alipata mtoto wake wa kwanza, na Appa akajitwika kumtengenezea kitanda cha kubembea kabla ya siku ya kumpa jina. Siku mbili kabla, pale uani kwetu, baba mdogo akiwa amekaa juu ya gogo akieleza kwa mara ya elfu moja kwamba anafundisha, tezo likateleza likampata Appa kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Baba mdogo alichana kitambaa chake cha kichwani, akakifunga kidole kile, akampakia Appa kwenye baiskeli na kumpeleka zahanati ya Khuldabad huku akimtukana njia nzima kwa jinsi alivyoogopa. Kitanda kilikamilika kwa wakati, kwa vidole tisa, na watoto watano wa Bansode wamelala humo mmoja baada ya mwingine.

Mwaka 1998 ziliwekwa taa, vioo vikaingia stoo, na Appa, ambaye hakuwa mtu wa kununa, alinuna wiki nzima. Lakini tarehe 17 Novemba mwaka huohuo, saa nne asubuhi, lilikuja basi la akina mama wazee wa dini yake baba mdogo, waliovaa sari nyeupe, waliokusanya nauli miaka miwili ili waje mara moja katika maisha yao, na walipoingia tu pango la kumi umeme ukakatika. Appa alikuwa na miaka hamsini na saba, na walioshuhudia wanasema alikimbia hadi stoo kama mtoto aliyesikia kengele ya kutoka shule, akarudi na vioo viwili kwapani, akamkabidhi mwenzake kimoja, na jua likaingia, likagonga kioo cha kwanza, likagonga cha pili, likapanda taratibu mpaka kwenye vile vidole na juu hadi usoni. Bibi mmoja aliyekuwa ameshikwa mkono na mjukuu wake alipiga makofi kama msichana, akacheka huku machozi yakimtoka, akasema, Buddha, Buddha wangu, nimekuona. Walishikilia vioo vile dakika arobaini, mikono ikiwauma, na bibi yule alipopita mlangoni akamshika Appa kidevu na kumwambia kwamba seva yake, yaani utumishi wake, imefika, na Appa akainamisha kichwa.

Baba mdogo hakuweza kujizuia, akamwuliza, "Leo mbona hukubisha?"

"Kioo kilikuwa kizito," Appa akajibu.

Alistaafu tarehe 31 Januari 2001, akapewa shada la maua na saa ya ukutani, akaomba na kile kioo chake chenye fremu aliyoichonga mwenyewe, kilichokuwa kimekwisha kufutwa kwenye orodha ya vifaa, akapewa. Tangu hapo kila asubuhi alipanda hadi kibanda cha chai kilicho chini ya mapango, akamkuta baba mdogo ameshaketi, wakaanzia walipoishia jana.

Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo mwezi Oktoba 2024, akalazwa hospitalini mjini tarehe 22 Februari mwaka huu, na kila siku baba mdogo, mwenye miaka themanini na mmoja na magoti mabovu, alipanda basi la saa mbili kwenda kukaa kando ya kitanda chake na kubishana naye. Muuguzi mmoja, kwa nia njema, alimwuliza Appa kama mzee yule anamsumbua, na Appa akasema, "Sana. Msije mkamfukuza." Aliaga dunia siku ya Jumanne tarehe 4 Machi 2025, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, sisi watoto wake watatu tukiwepo, na akachomwa siku hiyohiyo kando ya mto wetu Yelganga.

Sasa nafika siku ya kumi, ambayo waliokuwepo wameisimulia kwa wasiokuwepo na kila mmoja ametia chumvi yake, nami nataka kuinyoosha. Alhamisi iliyopita tuliweka madonge ya wali juu ya jiwe, pale mtoni ambapo mwezi Machi mawe ni mengi kuliko maji, tukasubiri kunguru aje aguse, kwa maana sote tumelelewa tukijua kwamba kunguru akikataa, aliyeondoka ana jambo lililombakia rohoni, na ni juu ya jamaa kulikisia na kuliahidi kwa sauti. Kunguru walikuwepo, tena saba, wamejipanga juu ya mwarobaini wakitutazama, na hawakushuka. Bhanudas aliahidi kuipaka nyumba rangi. Hawakushuka. Pralhad aliahidi kuacha tumbaku, akaahidi tena kwa sauti kubwa zaidi mkewe alipomkanyaga mguu, na bado hawakushuka. Wifi akaahidi kwamba harusi ya binti yake Ketaki haitaahirishwa, mjukuu akaahidi kufaulu hesabu, kuhani wetu akatazama saa, na ilipokwisha saa nzima na nusu Bhanudas akaketi kwenye mawe na kulia kwa kwikwi, akisema baba yetu anaondoka na kinyongo na hatujui ni cha nini.

Mimi nilijua, au nilidhani najua. Yale maneno aliyoniachia yalikuwa yamejaa mdomoni, na baba mdogo alikuwa hatua hamsini tu kutoka nilipo, amesimama upande wa barabara na mwavuli wake, kwa sababu watu wa dini yake waliyaacha mambo ya madonge na kunguru tangu mwaka 1956 walipoingia Ubudha, na asubuhi ile alikuwa ametuambia waziwazi, "Mimi sikuja kwa kunguru, nimekuja kwa Dagdu." Lakini Appa aliagiza siku ya kumi na tatu, baada ya watu kula, kwa sababu alisema mtu aliyeshiba hakasiriki, na mimi tangu utotoni sijawahi kuvunja agizo la baba yangu. Nilikuwa nimeshafumbua kinywa kulivunja, ndipo nikaona mwavuli unafungwa.

Baba mdogo alivua viatu, akavuka mawe yale kwa magoti yake mabovu, akikataa mkono wa kila aliyetaka kumshika, akafika mbele ya jiwe la madonge, akanyanyua uso kwenye mwarobaini, akapaza sauti iliyosikika mpaka sokoni.

"Haya, Dagdu! Umeshinda! Alijikata kidole! Patasi ilimteleza, umesikia? Sasa kula, watoto wako wana njaa!"

Kunguru mmoja alishuka, akagusa lile donge la katikati, akalirarua, na wenzake wakamfuata. Watu walipiga kelele za furaha, Bhanudas alimkumbatia kuhani, na baba mdogo akajipangusa uso kwa kilemba, akageuka na kutuambia kwa ukali, "Nimesema kwa ajili ya mtu, si kwa ajili ya ndege." Mzee Nemchand, aliyekuwa amekalia kiti cha kukunja, akasema kunguru naye ana pande nyingi, na upande mmojawapo ni tumbo. Mimi ni mwalimu, siwezi kumkatalia. Lakini nilijua pia kwamba mtu ameutoa ushindi wa miaka sitini, mbele ya kijiji kizima, ili rafiki yake aondoke mwepesi, na kwamba ushindi huo alikuwa nao tangu zamani bila kujua.

Familia inatoa shukrani za dhati kwa madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa kwa kuvumilia kelele za wodi ile, kwa majirani waliotupikia siku zote ambazo jiko letu halikuwashwa, kwa wenzake wa mapangoni waliombeba, kwa mzee Nemchand aliyetoa shuka nyeupe ya mwisho, mpya, bila kuombwa, na kwa nyote mliokula nasi leo.

Baba mdogo Bansode, umeshiba, sasa sikiliza. Tarehe 2 Machi, saa tisa alasiri, ulipokwisha kuondoka kuwahi basi, Appa alisema hivi, nami niliandika palepale. "Vimal, wewe ni mwalimu, peleka somo hili. Mwambie Uttam kwamba anafundisha. Nimejua tangu siku ya tezo. Mtu aliyejikata hashiki ncha ya kidole kwa upole namna ile, hubana chini ya jeraha kwa ngumi nzima na kuinua mkono juu. Nilijitazama nikiwa nimebana, nikajua nimeshindwa. Na Uttam alivyo, ushahidi aliushika kwa mikono yake miwili, akaufunga kitambaa." Nikamwuliza kwa nini basi hakusema, miaka hamsini na minne yote, naye akanitazama kama mwanafunzi mzito. "Ningekubali," akasema, "kesho yake tungezungumza nini?"

Kioo amekuachia wewe, kipo pale ukutani kimefungwa kwa kile kitambaa chako, alikihifadhi. Na akaniita nilipokuwa nimeshafika mlangoni, akaongeza kwamba vidole anakupa, lakini zile boriti za darini ni kazi ya seremala, hapo hakupi hata unywele, na ujibu hilo kama unaweza.

Appa, pumzika kwa amani. Mzigo wako nimeufikisha, na baba mdogo, ninavyomwona hapa, amekwisha kusimama kukujibu. Atakalolisema nitakuletea mwenyewe, ila usinitazamie karibuni.